Nani Alisema Kupiga Rangi Ni Kazi ya Jumamosi Moja?

Jamani, aletwe hapa mbele huyo aliyesema kupiga rangi chumba ni kazi ya Jumamosi moja. Apewe msasa, tuone kama ataendelea kucheka. Kazi yenyewe jina lake ni la uongo. Inaitwa kupiga rangi, lakini ukihesabu saa, rangi inakula labda robo tu. Zilizobaki ni kusukuma kabati, kukwangua, kuosha, kuziba, kupiga msasa, kufuta vumbi la msasa, kungoja, na kutafuta bisibisi iliyokuwa hapahapa sasa hivi. Halafu kwenye kopo wanakuwekea picha ya mtu anatabasamu juu ya ngazi, kavaa nguo nyeupe pe! Wapi na wapi?

Uongo wa pili uko kwenye hesabu. Mtu anasimama katikati ya chumba, anazungusha macho mara moja, anatamka: "Kopo moja linatosha." Kwa kipimo gani? Kwa jicho! Chukua futi ya kamba, bwana. Chumba cha mita 4 kwa 3, ukuta urefu mita 2.7. Mzunguko ni mita 14, zidisha kwa 2.7, unapata mita za mraba 37.8. Toa mlango na dirisha, inabaki kama 34. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, 68. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji karibu lita 7, na dari bado haijatajwa. Ukuta wa lipu mpya unakunywa zaidi ya hapo, na wa kukwaruza ndio usiseme. Na ukichagua nyekundu kali au njano kali kwa sababu uliiona nzuri kwenye kadi, jiandae: hizo ni rangi za mapozi, hazifuniki kitu. Mikono minne na kivuli cha rangi ya zamani bado kinakuchungulia.

Ukinunua makopo mawili au matatu, usiyaamini eti kwa sababu majina yanafanana. Angalia namba ya mchanganyo iliyopigwa kwenye kopo. Na hata zikilingana, mimina yote kwenye ndoo moja kubwa, koroga kutoka chini kabisa, ndipo uanze. Asiyefanya hivyo kopo la kwanza humwishia katikati ya ukuta, analifungua la pili, na kesho yake asubuhi jua likiingia anakuta ukuta una mpaka kama wa mashamba mawili ya ndugu wasioelewana.

Haya, sasa ukuta wenyewe. Ukuta ni mzee mwenye siri. Ukimpaka rangi bila kumhoji, atakuumbua baada ya mwezi. Mpapase kwa kiganja. Kiganja kikitoka cheupe kama umeshika chaki, rangi yako mpya itashika chaki, na chaki haijashika chochote. Bandika kipande cha tepu, kisugue vizuri, kisha king'oe kwa ghafla. Kikija na maganda ya rangi, chukua skrepa, maana kilichobabuka kwa tepu kitabanduka kwa rola.

Kisha muulize: rangi uliyovaa ni ya maji au ya mafuta? Hatasema. Chovya pamba kwenye spiriti, sugua sehemu moja. Pamba ikichafuka kwa rangi, ni ya maji. Ikitoka safi na ukuta unang'aa vilevile, hiyo ni ya mafuta, na rangi ya maji juu yake itakaa kama maji juu ya jani la mgomba. Dawa yake ni kupiga msasa mpaka mng'ao ufe, kufuta vumbi, kisha praima ya kushikia, yaani rangi ya msingi inayotangulia. Hapo ndipo wengi wanapojifanya hawajasikia. "Aa, itashika tu." Itashika, ndiyo, mpaka siku ukucha wa mtoto utakapoiparua na kuivua utepe mrefu kama ganda la ndizi. Na kama nyumba ni ya zamani sana, usikurupuke kuparaza rangi ya mafuta ikiwa kavu. Rangi za zamani ziliwekwa madini ya risasi. Marekani yenyewe ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Huko msasa ni wa maji, na vumbi halifagiliwi likiwa kavu.

Tuje kwenye unyevu, maana huu ndio ugomvi mkubwa. Pana doa limevimba chini ya dirisha, lina chumvichumvi nyeupe. Mwenye nyumba anasema: "Tupige rangi ilifunike." Rangi si shuka! Chumvi hiyo inaletwa na maji yanayopita ndani ya ukuta, na maji hayo yana mlango: bomba linavuja, au dirisha halijazibwa, au ardhi nje imepanda juu ya msingi. Ukifunika, maji yatasukuma rangi itoe malengelenge. Kama hujui maji yanatoka wapi, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote nne kwa tepu, kiache siku nzima. Matone yakijikusanya upande wa ukuta, maji yamo ukutani. Yakikaa upande wako wa chumba, ni mvuke wenu wenyewe, fungueni madirisha. Ukungu mweusi nao haupakwi, unaoshwa: sehemu moja ya dawa ya klorini kwa nne za maji, glavu mikononi, madirisha wazi, na usithubutu kuichanganya na dawa nyingine ya kusafishia. Lile doa la kahawia kwenye dari lililotoka enzi paa linavuja ni jingine kabisa. Rangi ya maji inaliyeyusha na kulipandisha juu, mkono wa kwanza, wa pili, wa tano, lipo tu linakusalimia. Hilo linafungwa kwa praima ya mafuta ya kuzibia madoa, kisha ndiyo rangi.

Nyufa. Ee, nyufa! Mtu anachukua puti, ule udongo laini wa kuzibia, kwa kidole, anapitisha juu ya ufa kama anapaka siagi, kamaliza. Ule ufa haujaingia kitu. Uchokoe kwa kona ya skrepa upanuke uwe na umbo la V, futa vumbi, lowesha kidogo, ndipo usukume puti mpaka ndani, na uiache imejaa juu kidogo kuliko ukuta kwa sababu ikikauka inasinyaa. Shimo la kina zaidi ya milimita 5 halizibwi kwa mpigo mmoja. Juu patakauka, chini pabichi, kesho pamepasuka. Msasa namba 120 kwanza, kisha 180. Halafu zima taa, washa tochi, ilaze ubavuni mwa ukuta. Kila kibonde na kila kinundu kitatoa kivuli. Utachukia tochi. Lakini bora uchukie tochi leo kuliko kuja kuchukia ukuta mzima taa ya sebuleni ikiwaka. Na pale ulipoziba, papake praima kwanza. Puti inafyonza kuliko jirani zake, na bila praima patabaki na baka butu hata baada ya mikono miwili.

Lipu mpya ina kiburi chake. Iache ikauke, ya saruji wiki nne hivi. Mkono wa kwanza unazimuliwa kwa maji, sehemu moja ya maji kwa nne za rangi, ili iingie ukutani badala ya kukaa juu kama ngozi. Hapo rangi inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa na inakudondokea mpaka kwenye kiwiko, ukitazama ukuta umetoka mabakamabaka, unatamani kulia. Tulia. Kazi ya mkono huo ni kushika tu.

Saa sita mchana hiyo, na hujafungua kopo la rangi yenyewe. Ndiyo maana nasema jina la uongo.

Kabla ya kuanza, vifuniko vya swichi na soketi vitoke, na umeme uzimwe kwenye swichi kuu kwanza, si kwa kuombea. Ukipaka kukizunguka kifuniko, siku utakapobadilisha swichi utakuta mpya ni ndogo kuliko ya zamani, na ukuta una fremu ya rangi ya mwaka juzi.

Utaratibu ni dari, kisha kuta, mwisho mbao za milango na skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta. Anayeanza na ukuta kwa sababu "dari bado nzuri" atagundua kwamba dari ilikuwa nzuri kwa kulinganishwa na ukuta mchafu tu. Ukuta ukishang'aa, dari inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Rola mpya izungushie tepu, uing'oe, inyofoe manyoya yaliyolegea, la sivyo yatahamia ukutani na ukuta utaota ndevu. Ukuta laini unataka manyoya ya milimita 10 hivi. Wa kukwaruza, 18 au 20. Na usinunue rola kwa sababu tu ni rahisi, inamwaga rangi kila upande isipokuwa mbele.

Pembeni ni brashi ya inchi 2, mstari wa sentimita 5 au 6 kuzunguka dari, kona na fremu. Chovya theluthi ya nywele, gonga pembeni mwa kopo, usikamue. Sasa sikiliza, hapa ndipo pana siri: usizunguke chumba kizima na brashi kisha ndiyo urudi na rola. Ukirudi, ule mstari umeshakauka, rola inapita juu yake mara ya pili, na ukuta unatoka na fremu ya kiza kuuzunguka kama picha ya marehemu. Ukuta mmoja, brashi kisha rola papo hapo, halafu ndiyo uhamie wa pili.

Rola nayo haikandamizwi. Ikianza kulia chwa-chwa-chwa, imekauka, irudishe kwenye trei. Ukikandamiza, kingo zake zinaacha reli mbili za rangi nene, na reli hizo zikikauka ni msasa tena. Andika herufi ya W kubwa ukutani, jaza katikati, kisha malizia kwa kuvuta kutoka juu hadi chini bila nguvu. Ukingo wa ulipoishia lazima ubaki mbichi mpaka uukute. Kwa hiyo feni zimwa, na simu isipokelewe. Watu wote wenye namba yako hukumbuka kukupigia ukiwa katikati ya ukuta. Ukipokea, ukirudi kuna mshono, na mshono huo hautoki kwa kuufuta, unatoka kwa kupaka ukuta mzima upya.

Tepu ya karatasi unayozibia kingo ivutwe rangi ikiwa bado na ubichi kidogo, polepole, kwa mshazari. Iachwe siku tatu uone. Itaondoka na rangi uliyoitolea jasho, na ya chini yake pia.

Halafu neno "kukauka". Kopo linasema saa moja. Saa moja ni ya kugusa kwa kidole tu. Mkono wa pili wa rangi ya maji ungoje muda wa saa 4, na hewa ikiwa nzito, zaidi. Ya mafuta ni kesho, saa 16 hadi 24. Na kukomaa kabisa ni wiki mbili mpaka nne, kwa hiyo anayerudisha kabati likaegemea ukuta jioni ileile atalivuta mwakani na kipande cha ukuta mgongoni.

Vifaa vioshwe palepale, vya rangi ya maji kwa maji na sabuni, vya mafuta kwa tina. Ukiwa unakwenda kula tu, funga brashi kwenye nailoni, haitakauka. Matambara yaliyofutia mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa pipani. Yanajipasha moto yenyewe mpaka kuwaka. Yatandaze nje yakauke.

Sasa imekwisha. Umekaa, mgongo umekataa kunyooka, ukuta unameremeta. Anaingia shemeji, hajakaa, hajapewa maji, anatazama juu:

"Shemeji, pale juu ya mlango umeruka."

Siku nzima hukupaona, yeye sekunde tatu. Unasema, "Nitapagusa." Unachukua brashi, unagusa. Panakauka, na sasa pale palipokuwa na kidoa kisichoonekana ila na shemeji, pana baka linaloonekana na mtaa mzima, kwa sababu ukuta wote umekwenda na rola na hapo pana nyayo za brashi. Ilitakiwa rola ndogo, rangi ileile, kutoka kona hadi kona. Rangi ileile iko sentimita moja chini ya kopo, imeota ngozi juu kwa kuwa kifuniko hakikugongwa kikafunga. Na rola uliiacha kwenye trei jana usiku, ukasema utaiosha asubuhi. Sasa inaweza kutwangia.