Mshipa Umezibuliwa, Mwenye Moyo Je?

Baba mdogo aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo, alirudi na kiboksi cha dawa chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki, na kadi ya kurudi kliniki. Mshipa uliokuwa umeziba ulikuwa umezibuliwa na kuwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachouzuia usizibe tena. Majibu yake yalikuwa mazuri na sote tukashusha pumzi.

Wiki ya tatu nililala kwake. Saa tisa usiku nikaona taa ya chumbani inawaka, nikachungulia. Alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, vidole viwili vya mkono wa kulia vimebana kifundo cha mkono wa kushoto, macho kwenye saa. Anahesabu mapigo. Pale pembeni kiboksi kilikuwa wazi: Jumatatu na Jumanne bado zimejaa vidonge, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

"Vipi, baba?"

"Nipo tu, mwanangu."

Kwa wiki tatu nzima tulikuwa tukimwambia neno lile lile, wageni kwa wenyeji: jipe moyo. Usiku ule ndipo niliposikia jinsi linavyochekesha kwa uchungu. Mtu moyo wake ndio uliomwangusha, nawe unamwagiza ajipe moyo, tena autoe wapi?

Kule kliniki walimpima presha, uzito, lehemu (kolesteroli) na umeme wa moyo. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Simlaumu daktari, foleni ilifika mlangoni. Ila nina msimamo wangu, na ndio ulionikalisha kuandika: kumuuliza mgonjwa wa moyo hali ya nafsi yake kuwe kipimo kama presha, kwenye kiti kile kile na siku ile ile. Kusiwe hisani ya muuguzi mwenye roho nzuri, wala rufaa ya kwenda jengo jingine ambalo mgonjwa hatafika kamwe kwa kuogopa kuitwa mwendawazimu.

Si wazo jipya. Mwaka 1993, mtafiti Nancy Frasure-Smith na wenzake wa Montreal, Kanada, walichapisha utafiti wa wagonjwa 222 waliopata mshtuko wa moyo. Waliokuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, walikuwa katika hatari ya kufa ndani ya miezi sita karibu mara nne ya wenzao, hata baada ya kuzingatia uzito wa ugonjwa wenyewe. Na sonona si ya wachache hapa: kati ya watu watano waliopata mshtuko wa moyo, takriban mmoja anayo. Chama cha Moyo cha Marekani kilipendekeza mwaka 2008 kwamba wagonjwa wa moyo waulizwe kuhusu sonona. Mwaka 2014 jopo la chama hicho hicho likataka itambuliwe kuwa kihatarishi kwa waliopatwa na mshtuko, sawa na vihatarishi tunavyovijua. Ni miaka mingi sasa, na bado watu wanapimwa uzito na kuambiwa wapunguze chumvi.

Nafsi inaufikiaje moyo? Njia ya kwanza niliiona kwa macho yangu ndani ya kile kiboksi. Mtu aliyekata tamaa hamezi dawa, hatembei, na aliyewahi kuvuta sigara huirudia. Njia ya pili inapita mwilini moja kwa moja. Hofu isiyoisha huuweka mwili katika hali ya vita: homoni za adrenalini na kotisoli zinapanda, mishipa inabana, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinakuwa nyepesi kunatana, uvimbe wa chinichini unachochewa ndani ya mishipa, na mapigo yanapoteza ule unyumbufu wa kupanda na kushuka kadiri mwili unavyohitaji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoka kwa kuambiwa ujikaze.

Kiswahili kililijua hili mapema. Tunasema fulani amekufa kwa kihoro, na wote tunaelewa: msiba umemshukia ghafla, naye akaufuata. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali inayofanana sana na kihoro chetu. Mtu anapata pigo la huzuni au hofu, kifua kinabana, kila dalili ni ya mshtuko wa moyo, lakini mishipa ikichunguzwa hakuna iliyoziba. Chemba ya kushoto ya moyo ndiyo imelegea na kufura nchani, ikafanana na takotsubo, mtungi wa kunasia pweza, wenye shingo nyembamba na tumbo pana. Jina likabaki hilo. Wengi wanaopatwa ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na wengi wao moyo hurudi umbo lake ndani ya wiki chache, ingawa wapo wanaofariki. Mara chache hata furaha kubwa huleta mambo yale yale.

Sasa kuna watu wakishasikia haya hugeuka waamuzi. "Si alikuwa na mawazo sana? Amejimaliza mwenyewe." Kauli hiyo siipendi, na pia si sahihi. Tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Los Angeles alfajiri. Siku hiyo vifo vya ghafla vya moyo vilikuwa 24, wakati kwa kawaida havikufika vitano kwa siku. Kilichonigusa zaidi ni siku sita zilizofuata: vifo hivyo vilishuka chini ya kawaida. Ninavyoelewa mimi, tetemeko liliwatangulizia siku watu ambao mishipa yao ilikuwa imeharibika tayari. Hofu ilisukuma mlango uliokwisha kulegea bawaba, kwa hiyo presha, sukari na sigara bado vina kesi ya kujibu. Anayemwambia mgonjwa kwamba mawazo yake ndiyo yaliyomuua nusu anamwongezea wazo jingine la kumkosesha usingizi.

Njia hii kati ya nafsi na moyo ina upande wa pili, nao ndio unaonikera zaidi. Watu wenye magonjwa makali ya akili, kama skizofrenia, hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni magonjwa ya mwili, moyo ukiwa mbele. Baadhi ya dawa wanazotumia huongeza uzito na sukari. Halafu siku mmoja wao akilalamika kifua kinabana, anaambiwa ni mawazo tu. Ni kweli wasiwasi mkali unaweza kuleta maumivu ya kifua, jasho, kukosa pumzi na hofu ya kufa. Ndiyo maana hakuna wa kukisia akiwa sebuleni. Kifua kikibana hivyo, nenda hospitali ukapimwe. Kama ni wasiwasi, waseme wao baada ya kupima.

Rafiki yangu mmoja mbishi aliniuliza: kutibu sonona kunamwongezea mgonjwa wa moyo umri? Swali zuri, na jibu la haki haliupi msimamo wangu ushindi wa bure. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2003, wenye wagonjwa karibu 2,500, ulitumia tiba ya mazungumzo. Sonona ilipungua, vifo havikupungua. Nikamjibu kwamba mtu aliyevunjika mguu tunampa dawa ya maumivu bila kuuliza itamwongezea miaka mingapi. Maumivu yenyewe yanatosha kuwa sababu. Na zana zipo: mazungumzo na mshauri nasaha, mazoezi ya kuurejesha moyo chini ya uangalizi, na dawa. Sertralini, mojawapo ya dawa za sonona, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa moyo na matokeo ya mwaka 2002 yakaonyesha ni salama kwao. Baadhi ya dawa za zamani za sonona, kinyume chake, huvuruga mapigo, kwa hiyo usimeze dawa ya jirani.

Kliniki iliyofuata nilimsindikiza baba mdogo. Muuguzi alipomaliza presha nikamwomba amuulize na usingizi. Aliweka kalamu chini.

"Mzee wangu, katika wiki mbili hizi, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda? Na ni mara ngapi umejisikia huzuni, au kukata tamaa?"

Haikumchukua hata dakika kuuliza. Baba mdogo alitazama sakafu, akaigeuzageuza saa yake mkononi.

"Naogopa kulala," alisema. "Nikilala, nani atakuwa anahesabu?"

Mimi nilikuwa naishi naye jirani, namwona karibu kila siku, na sikuwahi kulisikia hilo. Muuguzi akamwita daktari. Alipewa siku ya kuonana na mshauri pale pale kliniki, na nafasi kwenye kikundi cha mazoezi. Siku ya kwanza ya mazoezi alienda kwa kununa. Saa bado anaivaa, ila wiki iliyopita nilipokifungua kile kiboksi, Jumatatu hadi Jumatano vilikuwa vitupu.