Ukishuka Bukoba Usikimbie

Mimi na shemeji yangu tuligombana Bukoba, tena asubuhi kabla hata ya chai, na chanzo ni kikaratasi. Tulitoka Mwanza saa tatu usiku na MV Victoria, ile meli ya zamani iliyokarabatiwa ikarudi kazini 2020, tukapita Kemondo watu wanashusha mizigo huku wanasinzia, kunapambazuka tuko Bukoba. Meli ilikuwa inarudi Mwanza usiku wa siku hiyohiyo kwa hiyo mchana wote ni wako. Sasa shem akachomoa kikaratasi: kanisa kuu alipozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, soko, kisiwa cha Musira, picha hapa picha pale, na dakika kaziandika kabisa!

Nikamwambia shem mimi siendi.

Sio kwamba nadharau. Rugambwa ndo Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa kardinali, 1960 hiyo, mtu kama yule unampa dakika ishirini kweli? Nishawaona wageni wa zile meli kubwa zinazotia nanga Zanzibar, wameshuka na stika kifuani, kiongozi mbele kanyanyua kibendera, mchakamchaka Mji Mkongwe wote halafu jioni wanapanda meli wamechoka kuliko mabaharia. Hela yao bana. Ila mimi likizo ya kukimbizana na saa naiona kama kazi tu, bora ningebaki Kirumba, Mwanza.

Basi nikakata tiketi ya kurudi palepale nisije nikahangaika jioni, nikashika njia ya ufukweni kwa miguu, sijafika mbali mvua hiyo, maana ya Bukoba haina hodi, nikajibanza kwenye kibanda cha mama mmoja anauza kahawa za kutafuna. Zile buni nzima, zinachemshwa na majani ya kunukia halafu zinakaushwa, Wahaya ndo wanakaribishia wageni. Mimi Msukuma wa watu nikabwia kiganja kizima. Mama alicheka mpaka akashika nguzo. "Polepole mwanangu, hizo sio karanga, moja moja!" Kumbe unaibana kwa jino ganda lipasuke, unaiacha shavuni, mwanzo chungu balaa, baadae unakuja utamu fulani kwa mbali ambao ukiharakisha huupati. Nilikaa pale kama masaa mawili, mvua ilishakata zamani, ananihadithia lile tetemeko la Septemba 2016 jinsi sufuria zilivyoruka jikoni na yeye akatoka mbio na mwiko mkononi.

Mchana nikala ndizi na maharage, nikatafuta kivuli sehemu ambayo bomba la meli naliona, hilo msilisahau jamani, kulala lala lakini meli uwe unaiona maana haitakusubiri, nikaweka viatu chini ya kichwa nikalala usingizi ambao Mwanza sijawahi kuupata mchana.

Saa kumi na moja shem huyo anakuja, tope mpaka magotini. Musira hakufika, ziwa lilichafuka mwenye mtumbwi akagoma. Kanisani kapiga picha nne, zote kuna pikipiki iliyomleta. Akajitupa kwenye majani, hana hata nguvu ya kunisema.

"Una nini hapo mfukoni?"

Nikampa kahawa. Akabwia zote kama karanga.