Mradi wa Pamoja Unapovurugika: Anayeomba Kazi Ipunguzwe Asikilizwe

Shule kadhaa zinapowaunganisha wanafunzi wao katika mradi mmoja, kisha likazuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, iwe maradhi, mafuriko au mgomo, washirika hugawanyika. Wapo wanaotaka mpango uendelee kama ulivyo, ila uhamishiwe mtandaoni, na wapo wanaoomba kazi ipunguzwe na tarehe zisogezwe mbele. Hawa wa pili huhesabiwa kuwa wazembe waliokimbia ahadi waliyoitia saini. Naona wanadhulumiwa.

Upande wa kwanza nao una hoja. Mradi uliosimama ni mgumu kuuamsha, kwa maana walimu huhamishwa, wanafunzi hupanda darasa na fedha za mwaka huu huenda zisiwepo mwakani. Mfano wa kutia moyo pia upo. Mwaka 1937, polio ilipochelewesha kufunguliwa kwa shule za Chicago, walimu walishirikiana na vituo vya redio na magazeti kuwafundisha wakiwa nyumbani watoto wapatao 315,000 wa darasa la tatu hadi la nane. Hata hivyo, walioendesha mpango ule hawakujaribu kuihamishia shule nzima redioni. Walichagua chombo ambacho nyumba nyingi tayari zilikuwa nacho na wakayafupisha masomo yakawa vipindi vya dakika 15. Na bado wapo watoto walioachwa nyuma kwa kukosa redio au kwa mawimbi hafifu.

Shule zilipofungwa mwaka 2020, jibu la haraka la miradi mingi lilikuwa mkutano wa video. Mwezi Desemba mwaka huohuo, UNICEF na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba theluthi mbili ya watoto wote duniani wenye umri wa miaka 3 hadi 17, yaani bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Takwimu hiyo hunirudia kila ninaposikia mtu akisema "tuhamie mtandaoni tu". Theluthi hizo mbili hazikugawanywa sawasawa: katika mradi wa shule tatu, moja yaweza kuwa na wanafunzi karibu wote hewani na nyingine isiwe na hata mmoja. Tena uamuzi wa kuhamia mtandaoni hupitishwa hukohuko mtandaoni, kwa kura za waliofanikiwa kuingia, na ukimya wa wasiokuwepo huandikwa katika kumbukumbu za kikao kuwa ni ridhaa.

Nimewahi kuliona jambo hili kwa karibu, katika mradi wa kutunga kitabu cha hadithi za wanafunzi. Kwenye jedwali la kazi, safu ya shule moja ilibaki na neno "inasubiriwa" kwa wiki sita. Mwalimu wake alikuwa akikusanya karatasi zilizoandikwa kwa mkono, anazipiga picha mojamoja kwa simu yake na kuzituma usiku, mtandao unapotulia. Zilipokamilika, kurasa zilikuwa zimeshapangwa. Kitabu kilitoka kwa wakati, jina la shule ile likiwa jaladani, na ndani hamkuwa na hata sentensi moja ya watoto wake. Ripoti ya mwisho ilisema malengo yote yametimizwa.

Mwalimu yule aliomba mapema kwamba hadithi ziwe tano badala ya ishirini na muda uongezwe miezi miwili. Alijibiwa kuwa mfadhili hatakubali, ingawa mfadhili mwenyewe hakuwa ameulizwa. Woga huu umeharibu miradi mingi kuliko masharti yenyewe. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, unaofadhili miradi ya elimu na wenye urasimu usio mdogo, mwaka 2020 uliruhusu shughuli zilizokwama ziahirishwe kwa hadi miezi 12.

Ni kweli kwamba kuahirisha bila tarehe mpya na bila mtu wa kufuatilia ni kuuzika mradi kimyakimya, na wanaoomba muda wanapaswa kuja na mpango ulioandikwa: kipi kinabaki, kipi kinaondoka, nani anawasiliana na nani kila wiki. Mratibu naye, kabla ya kuitisha kura yoyote, awapigie simu wale ambao hawakuonekana kwenye kikao kilichopita.