Xeon ya mtumba au Core ya mezani: hesabu ya Lubumbashi

Mteja akiingia duka la kompyuta mjini Lubumbashi na kuulizia mashine ya kazi nzito, muuzaji wa Xeon iliyotumika (prosesa ya seva ya Intel) humfungulia kwanza dirisha la Windows lenye visanduku 28 vya prosesa, vyote vikicheza. Kando yake kuna mashine mpya yenye Core i5-12400, prosesa ya Intel ya kompyuta za mezani, visanduku 12 tu. Bei zikikaribiana, wengi huhesabu visanduku na kulipa. Visanduku vile si uongo. Ila havimwambii mnunuzi kazi yake itaisha saa ngapi, wala itakula umeme kiasi gani.

Xeon E5-2680 v4 ni prosesa ya seva ya mwaka 2016: viini 14 (sehemu zinazofanya hesabu), nyuzi 28 (kazi zinazopokelewa kwa wakati mmoja, kila uzi ni kisanduku kimoja), mwendo wa GHz 2.4 unaopanda hadi 3.3, wati 120. Core i5-12400 ilitoka 2022: viini 6, nyuzi 12, hadi GHz 4.4, wati 65 za kawaida na 117 ikibanwa. Kwa mwendo pekee Core imetangulia kwa theluthi moja, na kiini chake hufanya kazi nyingi zaidi katika kila mpigo. Tukiviunganisha viwili hivyo, kiini kimoja cha Core hufanya takriban mara 1.8 ya kazi ya kiini kimoja cha Xeon hii.

Hapo ndipo kanuni aliyoieleza Gene Amdahl mwaka 1967 inapohitajika: ile sehemu ya kazi isiyogawika kati ya viini ndiyo inayoweka kikomo, hata uongeze viini vingapi. Tuhesabu kiini kimoja cha Xeon kuwa 1. Kazi inayogawika kwa asilimia 70 inaipa Xeon nzima 2.9, na Core 4.3. Ikigawika kwa asilimia 95 zinalingana: 8.5 kwa 8.6. Ni mpaka ifike asilimia 99 ndipo Xeon inapita, 12.4 kwa 10.3. Viini zaidi ya mara mbili, faida ya asilimia 20.

Kazi za ofisi nyingi za hapa haziko karibu na 99. Programu ya uhasibu, Excel, kuchora ramani ya nyumba kwenye AutoCAD, kuandika na kuchapa barua: karibu zote hukalia kiini kimoja au viwili. Video za arusi zinagawika vizuri, lakini i5-12400 ina kitengo maalumu cha kufungua na kubana video za H.264 na H.265, na Xeon hiyo haina. Haina hata picha ya kupeleka kwenye skrini, lazima ununue kadi ya picha. (Core yenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, nayo imenyang'anywa vyote viwili. Soma jina lote kabla ya kulipa.)

Zinazofika 99 zipo. Mjiolojia wa mgodi anayekadiria kiwango cha shaba na kobalti katika mamilioni ya vipande vya mwamba anaweza kukokotoa kila kipande peke yake. Picha za 3D zinazochorwa kwa prosesa ni hivyo hivyo. Seva inayobeba mashine pepe 8 (kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta moja) za watumishi 8 pia inajaza viini vyote.

Wengine hushika neno “seva” wakidhani kiini chake kimetengenezwa kwa nguvu zaidi. Tazama AMD, mshindani wa Intel: EPYC 9654 ya seva yenye viini 96 na Ryzen 9 7950X ya mezani yenye viini 16 zote zimejengwa kwa viini vya Zen 4. Ryzen hupanda hadi GHz 5.7, EPYC huishia 3.7. Seva huuza njia, si mbio: njia 12 za RAM kwa 2, na njia 128 za kuunganishia diski na kadi.

Kwa hiyo sababu nzito ya kununua Xeon ya mtumba, kwa maoni yetu, ni RAM. Ina njia 4, inakubali RAM ya seva ya ECC ambayo vituo vya data huitupa sokoni kwa wingi, na mashine kama HP Z440 ina nafasi 8 za kuichomeka. ECC hurekebisha biti moja iliyogeuka bila kuangusha mfumo. Utafiti kwenye seva za Google uliotolewa 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vikipata hitilafu katika mwaka mmoja. Kwa hifadhidata ya ushirika wa akiba hilo si jambo dogo. Lakini RAM hiyo haihamishiki kwenda kwenye i5, haitawaka kabisa.

Kisha SNEL, shirika la umeme la taifa, inakata. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200. Ukitumia nusu ili isife mapema, na inveta ikila sehemu yake, unabaki na kama Wh 500. Xeon yenye kadi ya picha na skrini, ikipumzika, huchukua wati kama 100: saa 5. Core ikiwa karibu na 55 inafika 9. Zikifanya kazi kwa nguvu, tuseme 220 kwa 130, ni saa 2 na ushei dhidi ya karibu 4. Linganisha sasa na ile hesabu ya asilimia 99: Xeon inamaliza mapema, lakini kazi ile ile inaigharimu umeme zaidi kwa kama asilimia 40. Anayelipia mazutu ya jenereta ataona tofauti hiyo kabla ya kuona kasi.

Zinazoharibika zaidi ni bodi mama za bei nafuu za X99, zinazobeba Xeon hizi. Sehemu inayolisha prosesa umeme mara nyingi haina bati la kupoza. Ikipata joto, prosesa inashushwa mwendo na mteja analaumu Windows. Vumbi jekundu la kiangazi, Mei hadi Septemba, linamalizia kazi: safisha feni kila mwezi, badilisha pasta ya joto. Na usikubali RAM kipande kimoja, kwa sababu njia 3 kati ya 4 zinabaki tupu.

Dukani, fungua 7-Zip, programu ya kubana mafaili, kwenye dirisha la amri, andika 7z b -mmt1 kupima uzi mmoja, kisha 7z b kupima zote. Iache ikipiga kazi dakika 20 huku ukiangalia joto na GHz. Xeon hii viini vyote vikifanya kazi ishike karibu 2.9. Ikishuka hadi 1.2, tatizo ni upozaji au bodi. Juu ya prosesa tafuta alama inayoanza na SR. Ikianza na Q ni sampuli ya majaribio.

Microsoft haijaiweka Xeon v4 kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa seva ya Linux hilo halisumbui. Kwa kompyuta ya karani, ni gharama nyingine ya kuongeza kwenye bei ya muuzaji.