Skrini za 4K nyumbani: hesabu ya macho iliyosahau meza ya kazi

Mjadala kuhusu skrini zenye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) nyingi kupindukia, kama zile za 4K, umeendeshwa kwa miaka kadhaa kwa swali moja tu: je, jicho la binadamu linaiona tofauti? Wanaoshauri watu wasizinunue kwa matumizi ya nyumbani hujibu kwamba haliioni, na ushahidi wao si wa kubezwa. Lakini hesabu yao, ambayo ni sahihi, wameifanyia sebuleni peke yake. Wamempima mtu aliyeketi kwenye kochi akitazama mpira au tamthilia, kisha hukumu iliyotoka hapo wakaitandaza juu ya kila skrini iliyomo ndani ya nyumba, ikiwemo ile ya mezani ambayo mwalimu anasahihishia tasnifu, mfasiri anafanyia kazi yake, na mwanafunzi wa chuo anasomea hadi usiku wa manane. Huko mezani hesabu ileile inatoa jibu la kinyume kabisa, na jibu hilo halijapewa uzito linaostahili.

Ubishi mwingi unatokana na kutumia kipimo kibovu. Idadi ya pikseli iliyoandikwa kwenye boksi haisemi lolote mpaka ijulikane skrini ina ukubwa gani na mtazamaji amekaa umbali gani. Kipimo kinachoyaunganisha mambo hayo matatu ni idadi ya pikseli zinazoingia katika digrii moja ya pembe ya kuona. Jicho linaloandikiwa 6/6 kliniki, yaani lenye uwezo wa kawaida, huweza kutenganisha mistari iliyoachana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii, na ndiyo maana kwa muda mrefu pikseli 60 kwa digrii zilichukuliwa kuwa kikomo cha kuona. Oktoba 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wa kampuni ya Meta walichapisha katika jarida la Nature Communications vipimo vilivyoonyesha kwamba kikomo hicho kilikuwa cha chini mno: kwa wastani, washiriki wao walitambua michirizi ya rangi ya kijivu hadi kufikia pikseli 94 kwa digrii, ya nyekundu na kijani hadi 89, na ya manjano na zambarau hadi 53. Nitaitumia hiyo 94, kwa sababu ndiyo inayowapendelea zaidi watetezi wa pikseli nyingi. Kama hoja yao inashindwa hata kwa kipimo hicho, basi imeshindwa kwa haki.

Na sebuleni inashindwa. Televisheni ya inchi 43 ya Full HD, yaani yenye pikseli 1920 kwa 1080, ikitazamwa kutoka mita 2.5, inatoa takriban pikseli 88 kwa digrii, yaani imekaribia kabisa mwisho wa uwezo wa jicho. Ya 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, yenye ukubwa huohuo inatoa 176, ambazo karibu nusu yake hakuna wa kuziona. Kwenye inchi 55 Full HD inashuka hadi 69, kwa hiyo mwenye macho makali anaweza kunufaika na 4K, ambayo inafika 138. Lakini 8K, ambayo huzidisha pikseli za 4K mara mbili kwa upana na kwa urefu na kufika 275, haina utetezi wowote kwa umbali huo. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilianzisha chaneli ya setilaiti ya 8K tarehe 1 Desemba 2018, na hadi leo chaneli za namna hiyo ni za kutafuta kwa tochi duniani. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia tarehe 1 Machi 2023, ulizibana televisheni za 8K kwa vikomo vya matumizi ya umeme vilevile vilivyowekewa 4K, jambo lililowalazimu watengenezaji kupunguza mwangaza ambao skrini hizo huja nao kutoka kiwandani.

Upande wetu huku kuna hoja nyingine ambayo haihitaji hata kupima macho. Chaneli nyingi zinazopita kwenye ving'amuzi hazifikii Full HD, seuze 4K. Anayetegemea intaneti naye anakutana na bando: Netflix yenyewe inaeleza kwamba saa moja ya video ya HD inaweza kula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Ni kweli kwamba mtu anayelinganisha televisheni mbili dukani huiona ya 4K ikimeta zaidi, lakini mara nyingi kinachomvutia ni mwangaza, weusi wa kina na wingi wa rangi, mambo ambayo watengenezaji wameyaweka kwenye bidhaa zao za 4K na kuyanyima za Full HD. Huo ni uamuzi wa kibiashara. Kwa ukubwa wa inchi 55 na kuendelea, mnunuzi wa leo ni nadra kukuta kitu kingine isipokuwa 4K, kwa hiyo hana haja ya kuumiza kichwa. Kwa inchi 43 na chini yake, ambako bado kuna la kuchagua, wapinzani wana haki ya kumwambia abaki na fedha zake.

Sasa tuhamie mezani na tusibadilishe chochote katika hesabu isipokuwa umbali na ukubwa wa skrini. Anayefanya kazi kwenye monita hukaa takriban sentimita 60 kutoka kwenye skrini. Monita ya inchi 24 ya Full HD, ambayo ndiyo imejaa maofisini na majumbani, kwa umbali huo inatoa pikseli 38 kwa digrii. Ya inchi 27 yenye Full HD ni dhaifu zaidi: 34. Kompyuta mpakato ya inchi 15.6 yenye pikseli 1366 kwa 768, ambayo bado ipo kwa wingi katika maduka yanayouza kompyuta zilizokwishatumika nje, inatoa 41. Namba hizi nataka msomaji azitazame kwa utulivu. Hakuna hata moja inayofika 60, kile kikomo cha zamani kilichoonekana kuwa cha chini. Kwa kikomo kipya cha 94, monita ya kawaida ya nyumbani haijafika hata nusu ya kile ambacho jicho linaweza kukipokea. Televisheni iliyo ukutani, tunayoangalia kwa kujiegemeza na kuzungumza, tumeijaza pikseli zisizoonekana, huku chombo tunachokikodolea macho kwa saa nane tumekiachia upungufu ambao kila jicho zima linauona.

Wapo wanaosema kwamba watu wamezoea na hawalalamiki. Hilo lingekuwa na nguvu kama watu wasingekuwa na simu. Simu ya bei nafuu yenye pikseli 720 kwa 1600 katika inchi 6.5, ikishikwa sentimita 30 kutoka usoni, inatoa takriban pikseli 56 kwa digrii. Yenye 1080 kwa 2400 inafika 83. Kwa maneno mengine, mtu anasoma ujumbe mfupi wa ndugu yake kwenye skrini iliyo kali hadi mara mbili kuliko ile anayosomea mkataba, ripoti au sura ya tasnifu. Soko la simu lilikwisha kuamua suala hili tangu mwaka 2010, pale Apple ilipotoa simu yenye pikseli 326 kwa inchi, na baada ya hapo hata watengenezaji wa simu za bei ya chini wakaifuata njia hiyo. Monita ndizo zilizoachwa, na zimeachwa kwa sababu zinahukumiwa kwa hoja za kochi.

Kwa nini upungufu huo una uzito zaidi katika kusoma kuliko katika kutazama? Picha inayotembea hulisamehe jicho, kwa sababu kila kitu kinapita, na kamera yenyewe imekwisha kulainisha kingo. Herufi hazina msamaha huo. Ni nyeusi juu ya nyeupe, zina kingo kali, zimesimama tuli, na tofauti kati ya moja na nyingine hubebwa na sehemu ndogo sana. Chukua maandishi ya pointi 11 kwa ukubwa wake halisi kwenye monita ya inchi 24 ya Full HD. Herufi ndogo zisizo na mkia, kama a, e na o, hupata takriban safu saba tu za pikseli kutoka juu hadi chini. Ndani ya safu hizo saba herufi e inapaswa kupata upinde wa juu, uwazi wa juu, mstari wa katikati, uwazi wa chini na upinde wa chini. Ukijaribu kuichora kwenye karatasi ya miraba utaona jinsi inavyobanana. Kwenye monita ya inchi 27 ya 4K, herufi hiyohiyo kwa ukubwa uleule hupata safu kumi na mbili, na nafasi hiyo ya ziada inatosha kuirudishia umbo lake. Kwa msahihishaji wa Kiswahili, ambaye riziki yake ni kulinasa "alisema" lililokaa mahali pa "alisoma", hilo ni suala la kazi yenyewe.

Wataalamu wa programu wamejitahidi kuuficha upungufu huu. Mbinu ya ClearType, iliyokuja na Windows XP mwaka 2001, huitumia kila pikseli kama vipande vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu, ili kunoa herufi; lakini inanoa kwa upana tu, na zile safu saba za wima zinabaki saba. Apple mwaka 2018 iliiacha mbinu ya namna hiyo katika mfumo wake wa kompyuta wa macOS Mojave, na wenye monita za kawaida wakaona maandishi yao yakififia.

Tena herufi hazipakuliwi zikiwa picha. Kompyuta inapokea maneno, kisha inazichora yenyewe kutokana na michoro ya fonti, kwa ukali wowote ambao skrini inauruhusu. Ile hoja ya bando, ambayo sebuleni ilikuwa nzito, mezani haina mshiko: ukurasa wa maandishi una uzito uleule kwenye Full HD na kwenye 4K. Vivyo hivyo kwa picha za simu, ambazo nyingi zina pikseli milioni 12 au zaidi. Skrini ya Full HD ina milioni 2 tu, na ile ya 4K ina milioni 8.3. Maudhui ambayo wapinzani wanasema hayapo, kila familia inayo ndani ya simu zake.

Kuna msomaji mmoja ambaye mjadala huu haujawahi kumtaja, nami namtaja kwa makusudi. Ni yule anayesoma hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zile za Lamu, Mombasa na kwingineko mwambao, ambazo nyingi zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, ukiwemo mkusanyiko mkubwa wa chuo cha SOAS jijini London. Katika hati hizi herufi be, te na the hutofautishwa na nukta tu, na irabu ni alama ndogo zilizo juu na chini ya herufi. Nukta ikipotea, neno limepotea. Kwenye skrini dhaifu msomaji hulazimika kuikuza picha mpaka nukta zionekane, na akiisha kuikuza anabaki na kipande cha mstari. Lakini utenzi mara nyingi umeandikwa ubeti mzima katika mstari mmoja, vipande vinne kutoka kulia kwenda kushoto, na kina cha bahari, yaani kile kinachorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, kikishuka ukingoni upande wa kushoto ubeti hadi ubeti. Kuuona ukurasa mzima na wakati huohuo kuziona nukta ni sharti la kuusoma utenzi kama utenzi. Skrini ya 4K ya mezani hulikaribia sana sharti hilo, na watafiti wetu wengi wanaofanyia kazi hati hizi nyumbani, kwa fedha zao wenyewe, wanastahili kuambiwa hivyo.

Upande wa pili una hoja ambazo hazijibiwi kwa namba za macho. Ya kwanza ni monita za inchi 27 zenye pikseli 2560 kwa 1440. Hizo hutoa 45 kwa digrii, bei yake huwa chini ya ile ya 4K, na mtu anayetoka kwenye 34 ataiona nafuu. Kwa mwenye bajeti finyu ni chaguo la heshima. Ya pili ni kwamba wengi hununua 4K wakitarajia nafasi mara nne ya kupanga madirisha yao. Hawaipati. Kwenye inchi 27 inabidi kukuza maandishi hadi asilimia 150, na nafasi inayobaki ni sawa na ile ya 2560 kwa 1440. Kilichonunuliwa ni ukali wa herufi. Programu za zamani hazikubali kukuzwa vizuri, na nyingine huonekana na ukungu. Ya tatu, kwangu ndiyo nzito zaidi: skrini kali haimtibu mtu anayehitaji miwani. Aliyevuka miaka arobaini na ambaye maandishi ya karibu yameanza kumtatiza, akaonane na mtaalamu wa macho kabla ya kwenda dukani, kwa kuwa pikseli 67 kwa digrii za monita ya 4K haziwezi kumfaa mtu ambaye hata 38 anaziona kwa taabu.

Kwa kaya yenye mtu anayesoma na kuandika kwenye skrini siku nzima, na yenye fedha ya kununua kifaa kimoja tu kizuri, ningeshauri televisheni ibaki ya Full HD na fedha iende kwenye monita ya inchi 27 ya 4K. Kabla ya kulipa, mnunuzi aangalie kompyuta yake inatoa nini: HDMI 1.4, toleo la zamani la tundu la kupelekea picha kwenye skrini, lililomo katika kompyuta nyingi za zamani, huipeleka 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na kishale cha kipanya huonekana kikisuasua; HDMI 2.0, iliyotoka mwaka 2013, huifikisha 60. Kama mashine ni ya kizazi cha nyuma ya hapo, na haina DisplayPort, tundu jingine la kupelekea picha, monita ya 2560 kwa 1440 itamfaa zaidi mpaka atakapobadilisha kompyuta.