Choo cha kulipia si ajabu: mchezo wa nyimbo usio wa kawaida na hesabu ya ukumbi wa Arusha

Septemba 2001 ulifunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho la New York, mchezo wa nyimbo wenye jina ambalo mpiga debe yeyote angelikwepa: Urinetown, yaani mji wa mkojo. Ukame wa miaka 20 umemaliza maji, vyoo vya nyumbani vimepigwa marufuku, na kampuni moja inamiliki vyoo vyote vya mji. Asiye na sarafu akikutwa anajisaidia pembeni hukamatwa na kupelekwa ambako harudi mtu. Kijana msaidizi wa choo anaongoza uasi na anauawa. Uasi unashinda, choo kinakuwa bure, maji yanakwisha, na watu wanakufa. Mapema kabisa mtoto mmoja ndani ya mchezo anauliza kama jina baya haliwezi kuua onyesho.

Halikuua. Kazi hiyo ya Mark Hollmann na Greg Kotis ilianzia kwenye tamasha la michezo midogo mwaka 1999, ikapanda hadi Broadway, ikachezwa mara 965 na kupata tuzo tatu za Tony, tuzo kubwa za maonyesho ya Broadway, mwaka 2002. Kwa hiyo anayesema kioja, yaani mchezo wa ajabu kama huu, hakiwezi kamwe kupata umma mpana anakosea. Lakini uchukue mchezo wa namna hiyo uuweke kwenye ukumbi wa Arusha, Ijumaa na Jumamosi, kiingilio shilingi 10,000. Viti vingi vitabaki wazi. Kwa nini?

Jibu linalotolewa haraka ni mada: watu hawatatoka nyumbani kwenda kutazama habari za choo. Jibu hili ni dhaifu. Ni mada gani iliyo karibu na msafiri wa stendi ya Arusha au Moshi kuliko sarafu ya mlangoni mwa choo, ndoo ya maji iliyofika nusu, na dada anayepokea hela bila kuinua macho? Mgao wa maji hauhitaji kuelezwa kwa mtu anayeamka saa tisa usiku kukinga ndoo. Wala watazamaji wetu si waoga wa mambo ya ajabu. Wanakaa saa nzima na filamu yenye jini mwenye wivu, na mwanamume aliyejifunga kanga na kujaza matambara kifuani huwavunja mbavu kabla hajafungua mdomo.

Jibu la pili ni kwamba hatujazoea kuchanganya nyimbo na maigizo. Hili nalo halisimami. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) vilijaza kumbi na baa kwa maonyesho ya saa kadhaa yaliyochanganya ngoma, taarabu, sarakasi, vichekesho na maigizo. Na kwa upande huu wa Kilimanjaro na Meru, igizo la Krismasi la kanisani, lenye Herode, wachungaji na kwaya nzima, limewafundisha watu wengi kufuata kisa kinachoimbwa.

Kilicho kigeni ni aina ya utani. Urinetown unachekesha kwa sababu unadhihaki michezo mingine ya nyimbo: ule wimbo wa maandamano unaokuja kwa wakati wake, wapenzi wanaoimba wakitazamana, shujaa anayekufa kwa heshima. Msimulizi wake ni polisi anayekatiza kisa ili aeleze michezo ya nyimbo huendaje. Mtazamaji wa New York ameshaiona michezo inayodhihakiwa, ndiyo maana anacheka. Asiyeiona anabaki na watu wanaofanya mambo kwa kutia chumvi bila sababu. Mchezo wa kioja hupinda kanuni fulani. Kama kanuni yenyewe haijulikani ukumbini, kupinda kwake hakuonekani.

Kanuni zetu zipo, na zinaomba kudhihakiwa. Chukua kisa hichohicho cha choo na umlete mwenye kampuni kama mgeni rasmi. Anachelewa saa mbili. Kwaya imepanga mistari, inamwimbia wimbo wa kumkaribisha wenye beti nane, na jina lake limechomekwa kwenye kila kibwagizo ingawa silabi hazitoshi. Wanafunzi wawili wanajibizana kwa ngonjera juu ya faida za kubana mkojo. Risala inasomwa: “Mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto chache,” na changamoto ya kwanza ni kwamba choo hakina mlango. Hapo hakuna haja ya kumweleza mtu wa Usa River kwamba anatazama dhihaka. Amekaa juani kwenye shughuli kama hiyo mara nyingi.

Wapo watakaopinga, na wana hoja. Kwanza, ukibadilisha hivyo hujauleta mchezo ule, umeandika mwingine. Ni kweli, tena ni salama zaidi: mchezo wenye hakimiliki hauchezwi bila leseni, kuutafsiri kunahitaji ruhusa ya pekee, na wenye haki hawapendi maneno yao yaguswe. Pili, wanasema kioja kikishasafishwa ili kimfae kila mtu hakibaki kioja. Mfano wao mzuri ni mchezo mwingine wa nyimbo wa kioja, The Rocky Horror Show. Ulianza London mwaka 1973 katika chumba cha watu 63 juu ya ukumbi wa Royal Court, ukapendwa, ukahamia kumbi nyingine za jiji hilo na kuendelea hadi 1980. Ulipopelekwa Broadway mwaka 1975 ulifungwa baada ya maonyesho 45. Filamu yake ya mwaka huohuo nayo ilidorora mpaka ilipoanza kuonyeshwa usiku wa manane, watu wakarudi wiki baada ya wiki wakiwa wamevaa kama waigizaji.

Mfano huo tunausoma kwa namna nyingine. Filamu haikubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni saa ya kuonyeshwa, ukumbi, na nafasi ya mtu kurudi mara ya pili. Kioja huhitaji kurudiwa. X Plastaz, kundi la muziki la Arusha, walichanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, jambo lililokuwa la ajabu wakati ule, lakini wimbo ni dakika nne na redio inaupiga tena kesho. Sikio linazoea. Mchezo wa jukwaani wa saa mbili hausikilizwi tena kesho, na kwetu mara nyingi una usiku mbili tu za kuishi. Aliyeuona Jumamosi akamsifia jirani Jumatatu, jirani hana pa kwenda.

Kwa nini usiku mbili? Hapa ndipo hesabu inapouma. Bei zifuatazo ni za mfano, kila mtu aweke zake. Watu 15, mazoezi siku 24, nauli na chakula 10,000 kwa mtu kwa siku: 3,600,000. Mavazi na jukwaa 1,500,000, matangazo 800,000. Jumla 5,900,000 kabla pazia halijafunguliwa. Kila usiku: ukumbi 400,000, sauti na taa 700,000, jenereta na mafuta 150,000, posho ya 50,000 kwa kila mmoja 750,000. Hiyo ni 2,000,000. Ukumbi wa watu 300 ukijaa kwa 10,000 unaleta 3,000,000, kwa hiyo kila usiku unabakiza milioni moja. Ukicheza usiku mbili na zote zikajaa, umepoteza 3,900,000. Unahitaji usiku sita zilizojaa ili ubaki na faida ya laki moja.

“Basi punguza,” wanasema wapenzi wa kumbi ndogo. Haya: watu wanane, bustani ya viti 120, maandalizi 2,820,000, na kila usiku 800,000. Ikijaa inaleta 1,200,000. Baada ya usiku saba za kujaa pomoni bado unadaiwa shilingi 20,000. Udogo peke yake hauponyi. Kinachoponya usiku mbili ni kupandisha kiingilio hadi 20,000: hapo ukijaza unabaki na 380,000. Na hivyo ndivyo mchezo unavyoishia kwa wageni wa mashirika na watu wachache wenye magari, kisha tunashangaa kwamba umma haukuja. Umma ulifukuzwa na bei kabla haujafika kwenye swali la kioja.

Hata hivyo toleo dogo lina kitu ambacho kubwa halina: linaweza kusubiri. Watu wanane wanaweza kucheza Jumamosi moja kila mwezi kwa miezi minane, jambo ambalo watu 15 na lori la spika hawaliwezi. Tungechagua hilo, pamoja na kutoa nyimbo mbili wiki sita kabla, zikazunguka kwenye simu na daladala, ili mtu akiingia ukumbini awe na mahali pa kushika.

Kuna upande mwingine ambao wasanii hawapendi kuusikia: mara nyingi watazamaji hawaelewi kwa sababu hawasikii. Mchezo wa nyimbo ukikosa maneno umekosa kisa. Maiki za kushika mkononi zinamnyima mwigizaji mkono mmoja, na zikipokezanwa nyuma ya pazia lazima moja itafika imezimwa. Za kichwani ni bora, lakini zikiwa sita kwa watu 12 zinahitaji mtu asiye na kazi nyingine, mwenye orodha ya nani anavaa ipi onyesho la ngapi. Spika zikae mbele ya mstari wa waigizaji, kamwe zisiwe nyuma yao, la sivyo mlio mkali utaimba kuliko wote. Kinanda na ngoma vishushwe mpaka fundi mitambo aone aibu. Na kumbi nyingi ni za bati. Mvua ya masika ikishuka, hakuna maiki itakayoshindana nayo. Ajabu ni kwamba Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo waimbaji wengi wanaoishi kwa kazi za utalii wapo mjini na wana muda.

Kosa jingine limejificha ndani ya tuni. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kiingereza hupenda kufunga mstari kwa silabi moja nzito. Ukichukua tuni ya Kiingereza na kuivalisha Kiswahili, noti ndefu ya mwisho inaangukia silabi nyepesi: mwimbaji anavuta “ma-jiii” na sikio linapoteza neno. Dawa ni kuongeza noti moja: vuta “maa,” kisha shuka kwenye “ji.” Maneno mengine yanabadilika maana kabisa. Barabara yenye mkazo kwenye “ba” ya pili ni njia ya magari, mkazo ukihamia “ra” ya kwanza inakuwa sawasawa. Tenzi za kanisani zilizotafsiriwa zina kasoro hii tele, ila kule mtu ana kitabu mkononi au amekariri tangu utotoni. Ukumbini hana.

Lipo na suala la funzo. Tangu miradi ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kama ule wa Malya mkoani Mwanza, sanaa za maonyesho zimetumika sana kujadili matatizo ya vijiji, na baadaye mashirika yakazitumia kwa kampeni za afya. Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Matokeo yake ya pembeni ni watazamaji waliozoea kuingia bure na kutoka na ujumbe. Mchezo unaotoza kiingilio na kuishia kwa washindi kufa kiu unawaacha wakiuliza, “Sasa wanatufundisha nini?” Tusiwacheke. Ni swali la mtu aliyefundishwa kuuliza hivyo, na mwandishi anaweza kulitumia: amlete mwigizaji mwenye koti jeupe atoe ujumbe mwishoni, na ujumbe uwe wa kipuuzi.

Vivyo hivyo kutunza. Mtazamaji akipendezwa na wimbo atainuka na noti ya elfu mbili kumfuata mwimbaji. Ukimzuia umemdhalilisha, ukimwacha amesimama katikati ya tukio la mauaji. Tenga wimbo mmoja, tuseme wa nne, weka mlinzi wa choo na kikapu mbele ya jukwaa, na kutunza kuwe ndiyo kulipia choo.

Mwisho, saa. Onyesho la saa mbili lenye mapumziko, likianza saa moja na nusu usiku kwa muda halisi wa Arusha, linaisha karibu saa nne. Wa Ngaramtoni na Kwa Mrombo wameshaanza kutazama simu tangu saa tatu wakipima daladala ya mwisho na bei ya bodaboda. Kama mpangilio ni ule wa Urinetown, wataondoka pale uasi unaposhinda na choo kinapofunguliwa bure. Kesho watamwambia jirani kwamba ni mchezo mzuri, unaisha vizuri, watu wanapata maji.