Chunusi: kidonge cha siku tano au krimu ya miezi mitatu?

Bibi harusi akitokwa na chunusi wiki tatu kabla ya siku yake, nyumba nzima hugeuka waganga. Somo anataka singo ya kusugulia mwili na liwa iliyosagwa kwenye msio, shangazi anakuja na limau, na kaka mtu anatumwa sokoni Darajani akanunue vidonge vya antibiotiki, doksisaiklini, "dozi moja tu". Huyu wa kidonge ndiye ninayetaka kubishana naye. Kashika dawa ya kweli, ila kaishika vibaya.

Doksisaiklini inafanya kazi. Chunusi nyekundu, zenye usaha na maumivu, huituliza kwa kupunguza uvimbe na bakteria. Lakini muda wake ni kama miezi mitatu, si siku tano za kikohozi, na ikimezwa peke yake bakteria huizoea. Ndiyo maana madaktari wa ngozi wanataka iende sambamba na krimu ya benzoili peroksaidi, ambayo bakteria hawaizoei. Kisha kuna jua: kidonge hiki huifanya ngozi iungue upesi, na mama anayeshinda kwenye mwani kule Paje hana pa kulikimbia. Mjamzito hakimfai kabisa.

Basi krimu peke yake? Kwa chunusi chache inatosha, hasa ikipakwa pamoja na adapalini, dawa ya kupaka usiku inayozibua vinyweleo. Tatizo ni kwamba inakausha na kuwasha, na ngozi nyeusi ikiwashwa huacha madoa yanayodumu kuliko chunusi yenyewe. Watu hukimbilia ya asilimia 10 wakidhani ukali ndio uponyaji, ilhali ya asilimia 2.5 hufanya karibu kazi ile ile bila kuchoma hivyo. Tena inachujua nguo. Mtandio mpya ukishaota mabaka, dawa hutupwa, na mimi simlaumu mtu. Aipake usiku, alalie foronya nyeupe.

Mkorogo wenye steroidi, kama betamethasoni, sina haja ya kuupima pande mbili. Siku za mwanzo uso hulainika, baadaye ngozi hukonda na chunusi hurudi kwa wingi.

Inayostahili mizani ni isotretinoini. Hii husinyaza tezi za mafuta, na kwa chunusi kubwa za ndani zinazoacha makovu hakuna inayoifikia. Lakini mwanamke akishika mimba akiwa anaimeza, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro kubwa. Lazima azuie mimba tangu mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada yake. Inataka daktari na vipimo vya damu. Kumwanzishia anayekaribia fungate ni kucheza na moto. Ila nasikia hofu hiyo hiyo ikitajwa hata kwa kijana wa kiume wa Wete ambaye mgongo wake umejaa makovu. Hofu ya mimba haimhusu. Kinachomhusu ni midomo mikavu, ini na mafuta ya damu, mambo yanayofuatiliwa kwa vipimo. Kumnyima kabisa naona ni kumwonea.

Na bibi harusi wetu? Wiki tatu hazitoshi kwa lolote kati ya haya. Ningempa krimu ya asilimia 2.5 aanze taratibu, limau lirudi jikoni, singo iishie shingoni kwenda chini, na siku yenyewe uso aachiwe mpambaji. Matokeo ya krimu atayaona baada ya fungate.